Mshipa Mwembamba, Mshipa Mpana: Namna Dawa za Mimea Zinavyogusa Mishipa ya Damu

Kila mmoja awe na daftari na penseli. Kama karatasi ya somo imekufikia, ifungue, weka kidole chini ya mstari wa kwanza, tusome pamoja polepole.

Somo la leo ni juu ya dawa za mimea na mishipa ya damu. Nimelichagua kwa sababu ya jambo moja linalotokea katika nyumba nyingi. Mzee amepimwa hospitali. Ameambiwa shinikizo la damu yake, yaani presha, limepanda. Amepewa vidonge avimeze kila siku. Akifika nyumbani, jirani mwema anamletea majani machungu na kumwambia, "Mzee, chemsha haya, unywe. Vidonge viache." Jirani hana nia mbaya. Naye mzee anamheshimu jirani yake, na anaiheshimu dawa ya wazee wake. Je, afanye nini?

Usijibu sasa. Liweke swali hilo kando. Tukifika mwisho wa somo, nataka uweze kulijibu kwa sababu, si kwa kubahatisha.

MSHIPA NI NINI

Weka vidole viwili juu ya kiwiko cha mkono wako wa kushoto, pale unapoishia kiganja, upande wa kidole gumba. Bonyeza kidogo. Unasikia kitu kinapigapiga? Huo ndio mshipa wa damu. Kila unapopiga, moyo umesukuma damu mara moja. Mtazame mwenzako mwenye saa, akuhesabie dakika 1. Mtu mzima aliyetulia hupata mapigo kati ya 60 na 100. Andika hesabu yako katika daftari.

Mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5. Damu hiyo hutoka moyoni katika mishipa minene, ikapita katika mishipa inayozidi kuwa myembamba, ikafika katika vijishipa vyembamba kuliko unywele. Humo hutoa chakula na hewa safi, kisha hurudi moyoni kwa mishipa mingine.

Watu wengi hudhani mshipa ni kama bomba la chuma, halibadiliki. Sivyo. Mshipa unaotoka moyoni una ukuta wenye misuli. Misuli hiyo ikikaza, mshipa huwa mwembamba. Ikilegea, mshipa huwa mpana. Hufanya hivyo usiku na mchana bila wewe kuiamuru. Ukiona nyoka kibanjani, mishipa mingi hukaza. Ukilala usingizi mwema, hulegea.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mnajua bua la jani la mpapai, lile lenye tundu ndani ambalo watoto hulifanya mrija. Tuseme una mabua mawili ya urefu mmoja. La kwanza lina tundu pana. La pili tundu lake ni nusu ya upana wa lile la kwanza. Ukisukuma maji kwa nguvu ile ile, je, bua la pili litapitisha nusu ya maji? Wengi watasema ndiyo. Jibu ni hapana. Litapitisha sehemu 1 tu kati ya 16. Kwa hiyo mshipa ukibana kidogo tu, kazi ya kupitisha damu inakuwa ngumu sana, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ya damu inayosukuma kuta za mishipa ndiyo tunayoiita shinikizo la damu.

Mpimaji akikuambia "120 kwa 80," namba ya kwanza ni shinikizo wakati moyo unaposukuma. Namba ya pili ni shinikizo wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kama katika siku mbalimbali unapimwa na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Mwenye malaria hutetemeka. Mwenye kidonda huona kidonda. Lakini mwenye presha ya juu aweza kulima, kuvua samaki, kucheza ngoma ya harusi, asisikie lolote. Wakati huo mishipa yake inachakaa. Siku moja mshipa wa ubongo unapasuka au unaziba, naye anaanguka upande mmoja umekufa ganzi. Hicho ni kiharusi. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mchezo.

MMEA UNAWEZAJE KUUGUSA MSHIPA?

Mmea hauwezi kukimbia. Mdudu akija kuula, au mbuzi akija kuutafuna, mmea unabaki pale pale. Hivyo mimea mingi hujilinda kwa kutengeneza ndani yake vitu vikali au vichungu. Tukichemsha majani, au tukiloweka mizizi, baadhi ya vitu hivyo hutoka na kuingia katika maji. Tukinywa, huingia katika damu. Baadhi yake hukaza mishipa, na baadhi hulegeza.

Tuanze na mmea mnaoujua kuliko mtaalamu yeyote, yaani mbuni. Mgeni akifika nyumbani kwa Mhaya, hupewa akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, atafune. Desturi hiyo ni ya kale kuliko kuja kwa Wazungu. Kahawa iliyo nyingi Bukoba na Muleba ni ya aina ya robusta, nayo ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya arabika. Sasa, katika mwili wetu mna kitu kinachoitwa adenosini. Kazi yake mojawapo ni kuiambia mishipa, "Legeeni." Kafeini hukalia kiti cha adenosini. Mwenye kiti akija, anakuta kimekaliwa, na neno lake halisikiki. Mishipa ya ubongo hubana, na presha huweza kupanda kwa muda. Kwa mtu aliyezoea kahawa, kupanda huko huwa kudogo.

Basi hapa pana somo la kutumia leo hii. Ukienda kupimwa presha, usitafune akamwani wala kunywa kahawa katika dakika 30 za kabla ya kupimwa. Kaa kitako dakika 5, miguu chini, usizungumze. La sivyo, kipimo chaweza kusoma kahawa yako badala ya maradhi yako.

Tumbaku nayo ni mmea. Nikotini iliyomo katika jani lake hukaza mishipa na kuuharakisha moyo, na moshi wake huharibu ngozi ya ndani ya mishipa. Kwa hiyo asije mtu akasema, "Kilichotoka shambani hakina madhara." Tumbaku imetoka shambani.

MTI ULIOSHUSHA PRESHA

Sasa tuone upande wa pili, yaani mimea inayolegeza. Nitawapa habari ya mti mmoja ambao ulipita njia yote, tangu kikapu cha mganga hadi chupa ya hospitali.

Katika Bara Hindi kuna kichaka ambacho wataalamu hukiita Rauvolfia serpentina. Kwa karne nyingi waganga wa huko walitumia mizizi yake kuwatuliza wagonjwa wa akili. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Kihindi, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba mzizi huo hutuliza akili na pia hushusha presha. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alitoa taarifa ya wagonjwa wa presha aliowatibu kwa mmea huo, na taarifa yake ikasomwa Uingereza na kwingineko. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Ciba, katika mji wa Basel nchini Uswisi, walifaulu kukitenga kitu chenyewe kinachofanya kazi. Wakakiita reserpini.

Afrika nayo haikubaki nyuma. Ndugu wa mmea huo, Rauvolfia vomitoria, huota katika misitu kuanzia Afrika Magharibi hadi Uganda na Tanzania. Mizizi yake nayo ina reserpini. Ilichimbwa kwa wingi huko Kongo na kuuzwa ng'ambo kwa watengeneza dawa.

Reserpini hufanyaje kazi? Mishipa ya fahamu ina vighala vidogo. Ndani yake mmewekwa kitu kiitwacho noradrenalini, ambacho ndicho kinachoiambia misuli ya mshipa, "Kazeni." Reserpini huvifanya vighala hivyo kubaki vitupu. Amri ya kukaza haina tena mjumbe wa kuipeleka. Misuli inalegea, mshipa unapanuka, presha inashuka.

Mnaona basi kwamba wazee hawakukosea. Mmea ulikuwa na dawa ya kweli. Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya habari hii, maana ndiyo yenye uzito. Kipimo cha reserpini kwa siku kilichotumika kilikuwa kama robo ya miligramu. Gawa gramu 1 katika sehemu 4,000 zilizo sawa. Sehemu moja tu ndiyo kipimo hicho. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Kama reserpini safi ingejaa uzito huo, ingetosha vipimo 16,000.

Ukizidisha, presha hushuka mno, moyo hupiga polepole, na wako watu waliopata huzuni nzito hata wakachoka na maisha. Sasa niambie, ni nani awezaye kupima robo ya miligramu ndani ya mzizi kwa kuutazama kwa macho? Mzizi wa mti mmoja waweza kuwa na dawa nyingi. Wa mti wa jirani yake waweza kuwa na kidogo. Udongo, umri wa mti, msimu wa mvua na muda wa kuchemsha, vyote hubadili kipimo. Tofauti kati ya kidonge na mzizi si kwamba kimoja ni cha Kizungu na kingine cha Kiafrika. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa.

UTAFITI ULIOFIKA KWETU

Je, mimea ya kwetu imechunguzwa? Ndiyo, kazi imeanza. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha kutafiti dawa za asili, na mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Profesa Mainen Moshi wa taasisi hiyo pamoja na wenzake walifika Kagera, wakaongea na waganga wa jadi. Taarifa yao ya kata ya Bugabo ilichapishwa mwaka 2009, ya kata ya Katoro mwaka 2010, na ya kijiji cha Kikuku, wilayani Muleba, mwaka 2012. Waliandika jina la kila mmea, sehemu inayotumika, namna ya kuitengeneza, na maradhi yanayotibiwa. Kazi ya namna hiyo ni kubwa, maana mganga mzee akifa bila kuandikiwa, anakwenda na maktaba yake.

Tuchukue mmea mmoja mnaoufahamu, omubilizi, wenye majani machungu. Jina lake la kitaalamu ni Vernonia amygdalina. Wengi hunywa maji yake kwa homa na kwa tumbo. Mwaka 2017 watafiti wa Malaysia walichapisha habari ya majaribio yao juu ya majani yake na mishipa. Nitawaeleza majaribio ya namna hiyo yanavyofanywa.

Majani hukaushwa na kusagwa, yakalowekwa katika spiriti au maji, yakachujwa. Maji yaliyochujwa hukaushwa mpaka kitu kizito kibaki. Kisha huchukuliwa mshipa mkubwa wa panya, ukakatwa vipande kama pete ndogo. Pete hutundikwa kwa vilabu viwili ndani ya glasi yenye maji ya chumvi, joto digrii 37 kama la mwili, huku hewa ya oksijeni ikipitishwa. Kilabu kimoja kimefungwa kwenye chombo kinachoandika nguvu ya pete. Mtafiti hutia kwanza dawa ya kukaza, na pete ikajikaza. Halafu hutia dawa ya majani kidogo kidogo. Kama pete italegea, chombo kitaandika. Katika majaribio ya Malaysia, dawa ya omubilizi iliilegeza pete.

Mara nyingi mtafiti hufanya jambo la pili. Huikwangua ngozi nyororo ya ndani ya mshipa, kisha hurudia. Ujanja huu ulipata maana kubwa mwaka 1980, pale Robert Furchgott wa Marekani alipoonyesha kwamba kuna dawa zinazolegeza mshipa iwapo tu ngozi hiyo ya ndani ipo. Baadaye ikajulikana kwamba ngozi hiyo hutoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, nayo ndiyo inayoiambia misuli ilegee. Kwa elimu hiyo Furchgott na wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Sasa ndugu mwanafunzi, tahadhari. Jirani akisikia habari hii atasema, "Si nilikwambia! Omubilizi ni dawa ya presha." Mjibu hivi: pete ya panya ndani ya glasi si mtu. Katika glasi, dawa iligusa mshipa moja kwa moja. Kwa mtu, dawa hupita tumboni, ikapita katika ini, ikabadilishwa, ikachanganyika na lita 5 za damu. Huenda kikafika kidogo, huenda kisifike kitu. Baada ya glasi huja majaribio ya wanyama wazima, kisha ya watu, nusu wakipewa dawa na nusu wasipewe, wote wakapimwa kwa uangalifu. Mpaka hapo ndipo tunaweza kusema, "Kiasi hiki, mara hizi, kwa mtu wa namna hii."

Mmea mmoja uliofika kwa watu ni choya, ile mimea yenye maua mekundu ambayo watu hutengeneza kinywaji kichachu. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba maji yake huweza kushusha presha kidogo. Kidogo, nasema. Mtu mwenye 180 kwa 110 hawezi kutegemea kikombe cha choya peke yake.

TURUDI KWA MZEE WETU

Sasa tulijibu lile swali. Mzee ana vidonge mkono wa kulia, na majani mkono wa kushoto.

La kwanza, asiache vidonge. Akisema, "Lakini najisikia vizuri," mkumbusheni kwamba presha haisemi. Huenda anajisikia vizuri kwa sababu anameza vidonge, na hata asipovimeza aweza kujisikia vizuri mpaka siku ya kiharusi.

La pili, asichanganye kimya kimya. Vidonge kama amlodipini hulegeza misuli ya mshipa. Kama majani nayo yanalegeza, nguvu mbili zinakutana. Presha yaweza kushuka mno, mzee akasimama ghafla usiku kwenda nje, akaona giza, akaanguka na kuvunjika nyonga. Au majani yaweza kuzuia ini lisiiondoe dawa ya hospitali kama kawaida.

La tatu, aseme ukweli hospitalini. Wazee wengi huogopa kugombezwa, wakaficha. Mzee, usifiche. Chukua tawi la mmea, peleka, sema: "Nakunywa hiki, asubuhi na jioni, kikombe kizima." Nanyi wauguzi mnaotusikiliza, msimcheke wala msimkaripie. Mkimkaripia leo, kesho atanyamaza, na siri yake yaweza kumwua.

La nne, kama anataka mganga wa jadi, amtafute aliyesajiliwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili waganga hao. Mganga mwema hatamwambia mtu atupe vidonge.

La tano, mama mjamzito asinywe dawa ya mimea kwa ajili ya presha. Akiumwa kichwa sana, akivimba uso na mikono, au macho yakiona ukungu, aende hospitali siku ile ile. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, nacho huua mama na mtoto.

Na yapo mambo yasiyohitaji dawa yoyote: kupunguza chumvi, kuacha tumbaku, kupunguza pombe, na kutembea kila siku.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA DAFTARI

1. Misuli ya mshipa ikikaza, presha hupanda au hushuka? Kwa nini?
2. Bua likiwa na tundu la nusu ya upana, hupitisha sehemu ngapi ya maji?
3. Kwa nini tusitafune akamwani kabla ya kupimwa presha?
4. Taja tofauti moja kati ya pete ya mshipa iliyo ndani ya glasi na mtu mzima.
5. Andika sentensi tatu za kumjibu jirani aliyesema, "Vidonge viache."

Swali la 5 ndilo kubwa. Liandike kwa mkono wako mwenyewe, kisha ukamsomee mzee wa nyumbani kwako. Msomee kwa adabu, usimfundishe kama mtoto. Mwulize na yeye anayajua majani gani, uyaandike majina yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa Tanzania waliketi kuzunguka redio kama mnavyoketi ninyi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Somo la leo nalo lina kazi yake ya kuinukia. Kabla ya wiki kwisha, mpeleke mtu mmoja wa nyumbani kwako akapimwe presha, na namba zake uziandike wewe.